Karne ya ruzuku Ugogo: fedha ilimkuta mwalimu peke yake

Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Elimu iliyoruhusu shule za misheni kupewa ruzuku, kwa masharti. Shule ilipaswa kusajiliwa, kukaguliwa na kuwa na mwalimu aliyesomea kazi yake. Mwaka huohuo Kanisa la Anglikana liliunda Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers, Dodoma, katikati ya Ugogo, ikawa makao yake. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na shule zao nyingi zilikuwa vibanda vya kijijini ambamo katekista alifundisha watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango alichokifikia yeye mwenyewe. Shule hizo hazikupata kitu. Ruzuku ilikwenda kwenye shule chache zenye walimu wa vyeti, na kwa hilo watawala walikuwa na hoja, maana fedha ikimfuata mwalimu aliyeandaliwa huwa na pa kushika. Kosa lao lilikuwa jingine: maana ya ufundishaji mzuri iliamuliwa ofisini, mkaguzi akaja kupima kama imefuatwa. Mwalimu wa Mvumi au Kongwa aliyekuwa na njia yake ya kumfikisha mtoto wa Kigogo kwenye Kiswahili na hesabu hakuwa na fungu lolote la kuijaribia.

Makala hii inashikilia jambo moja, kwamba kwa muda wa karibu karne nzima fedha zimeingia katika shule za uwanda wa kati kwa njia nyingi, lakini zimebadilisha ufundishaji pale tu zilipoambatana na mtu wa kumsaidia mwalimu darasani na uhuru wa mwalimu kuamua. Ushahidi wake umetawanyika katika vipindi tofauti, na baadhi yake unaonekana mwanzoni kupinga hoja yenyewe.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 na Sheria ya Elimu ya 1969 iliyoziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa umma, suala la nani alipwe lilikwisha. Shule ya sekondari ya Alliance mjini Dodoma ilikuja kuitwa Mazengo, na shule za msingi zikawa za serikali na za kijiji. Swali likawa namna ya kufundisha. Hapo ndipo ulipokuja MTUU, mpango wa Tanzania kwa kushirikiana na UNICEF na UNESCO, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijiji cha Kwamsisi mkoani Tanga kilikuwa uwanja wa majaribio: shule ikaunganishwa na maisha ya kijiji, masomo yakaanzia shambani, zahanati na dukani. Fedha za MTUU zilinunua vifaa na magari, lakini uzito wake ulikuwa kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu waliotoka kwenda kuwakuta walimu shuleni kwao, wakakaa nyuma ya darasa, wakarudi tena. Kisha ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977, ambapo vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu hukohuko vijijini. Wengi huwakumbuka walimu hao kwa dharau, jambo ambalo si haki. Vijiji vipya vilivyotokana na Operesheni Dodoma, kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, vilikuwa na watoto na havikuwa na walimu, na vijana hao ndio waliosimama mbele ya ubao. Kilichowaangusha ni kwamba wakufunzi hawakuweza kuwafikia wote, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 ukayasimamisha magari.

Mageuzi makubwa zaidi ya fedha yalikuja na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza utekelezaji 2002 baada ya ada kufutwa. Kwa mara ya kwanza kila shule ya msingi ya umma ilitengewa ruzuku ya uendeshaji kwa idadi ya wanafunzi, thamani ya dola 10 kwa mtoto kwa mwaka, kamati ya shule ikafungua akaunti benki na kujifunza kuandika matumizi. Wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni 4.8 mwaka 2001 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Hili ni jambo la heshima na halipaswi kubezwa. Lakini ruzuku hiyo iligeuzwa kuwa shilingi 10,000 na kubaki hapohapo, huku shilingi ikishuka thamani na bei za vitu zikipanda. Tangu Elimu Bila Malipo ya Januari 2016, fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kila mwezi, jambo lililoondoa mikono mingi ya katikati. Hata hivyo, kati ya hizo 10,000, shilingi 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo huifikia shule. Shule ya watoto 500 hupata shilingi 250,000 kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto, na humo humo zitoke gharama za chaki, ukarabati, mitihani, michezo na uendeshaji wa ofisi. Mwalimu wa darasa la kwanza anayetaka karatasi za manila na rangi za kutengenezea kadi za silabi hana pa kupenya, hivyo huokota vizibo vya soda au hutoa fedha mfukoni mwake.

Wapo watakaosema: ongeza basi fedha, mambo yatanyooka. Jibu lao lilipatikana, kwa sehemu, wilayani Kondoa. Kuanzia 2013, shirika la kiraia la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350, Kondoa ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoshiriki. Shule nyingine zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila kupitia halmashauri. Katika nyingine, walimu walilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu, ili pawe na wa kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa na Isaac Mbiti na wenzake mwaka 2019 yaliwashtua wengi. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo ya watoto, na baadhi ya wazazi walipunguza walichokuwa wakichangia wenyewe. Palipokuwa na ruzuku na motisha kwa pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena kuliko jumla ya athari ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Wengine wamelichukua jaribio hilo kuwa uthibitisho kwamba ruzuku ni upotevu. Mimi nalisoma tofauti. Fedha iliyoingia shuleni bila kugusa alichokifanya mwalimu asubuhi darasani ilinunua vitu, na vitu havifundishi. Ilipomgusa mwalimu, vitu vilevile vikapata kazi. Sikubali kwamba mguso huo lazima uwe malipo kwa kila mtihani, maana mwalimu anayelipwa kwa idadi ya waliofaulu anaweza kuwaacha walio mbali na mstari. Kinachothibitishwa na KiuFunza ni kwamba lazima mguso uwepo.

Mfano ulio karibu zaidi na ninachokitetea ni EQUIP-Tanzania, mpango uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa ya kwanza. Ulikuwa na ruzuku ndogondogo kwa umoja wa wazazi na walimu, za miradi ya kuinua elimu na ya kuiingizia shule kipato. Kilichoutofautisha ni yaliyozizunguka ruzuku hizo. Walimu walijifunza kufundisha kusoma wakiwa shuleni kwao, kwa vikao vya wao kwa wao. Waratibu elimu kata walipewa pikipiki na fedha za mafuta ili wafike shule za mbali. Watoto ambao hawakupata elimu ya awali, wengi wakitoka nyumba zinazosema Kigogo au Kirangi, waliandaliwa kwa miezi michache na wasaidizi waliochaguliwa kijijini, kwa hadithi na michezo. Tathmini ya katikati ya mpango ilionyesha kwamba kundi la watoto waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma Kiswahili lilipungua. Na baadhi ya mambo hayo yaliuzidi umri mpango wenyewe, kwani pikipiki za waratibu hao, ambao sasa huitwa maafisa elimu kata, zilienea nchi nzima na mafunzo ya walimu kazini leo yana mfumo wa taifa, MEWAKA.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la msongamano. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja, katika mkoa ambao mvua ikikosekana watoto huja bila kula, atabuni nini? Njaa na msongamano haviondolewi na kadi za silabi. Lakini fedha za majengo zimekuwa zikipatikana: mkopo wa UVIKO-19 wa 2021 ulijenga madarasa 15,000 nchini, na mradi wa BOOST wa shule za msingi nao umejenga mengine. Jengo huonekana, huzinduliwa na kupigwa picha, hivyo hupata mtetezi. Fungu la mwalimu kujaribu njia mpya halionekani, na ndiyo sababu hukatwa kwanza. Na kwa kuwa watoto ni wengi, ndipo njia ya kufundisha kwa makundi, wakubwa wakiwasaidia wadogo, inapohitajika zaidi. Ama hofu ya ubadhirifu, fungu la laki mbili au tatu ambalo matumizi yake yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo mbele ya kamati ya shule ni vigumu kuibwa kuliko mamilioni ya semina za hotelini.

Mpango wa Shule Bora, nao wa fedha za Uingereza, unaendelea Dodoma, Singida na mikoa mingine 7, na kama iliyoutangulia una mwisho wake. Ofisi ya Rais TAMISEMI, inayosimamia shule za msingi, ipo Dodoma, na Bunge linalopitisha bajeti hukaa hapohapo, safari fupi kutoka shule za Chamwino na Bahi. Shilingi 10,000 ya mwaka 2002 inaweza kupandishwa ili ilingane na bei za leo, na ndani yake likawekwa fungu dogo, la kila mwaka, ambalo walimu wa shule wataliombea kwa kurasa mbili za maelezo na afisa elimu kata atalifuatilia darasani. Fungu hilo halihitaji mfadhili wala sheria mpya, bali mstari katika mwongozo wa matumizi ya ruzuku na mafuta ya pikipiki.