Mtumbwi wa tripleksi: kazi ya parseli inayoanzia kwenye kole

Kandokando ya ziwa Kivu, toka Minova mpaka Kalehe na kule Idjwi, mtumbwi wa gogo moja unaomba mti mkubwa, na miti ya namna hiyo haipatikani tena kwa urahisi. Ndiyo maana kuko watu wanaofikiria tripleksi, ile mbao nyepesi inayojulikana zaidi kwenye plafoni na milango. Inawezekana kweli kutengeneza mtumbwi mdogo nayo, nyumbani, bila mashine. Kinachoombwa ni mbao mbili za tripleksi, msumeno, visi, kole nzuri, na nafasi ya metre tano hivi ndani ya parseli.

Hatari ya kwanza haionekani kwa macho. Tripleksi imefanywa na tabaka nyembamba za mti zilizobandikwa moja juu ya ingine, na tripleksi nyingi za plafoni zimebandikwa kwa kole isiyovumilia maji. Ikilowa siku kadhaa inavimba, kisha inafunguka kama kitabu. Ile ya mashua inabeba alama BS 1088, lakini alama inaweza kuigwa, na muuzaji atasema yake yote ni ya maji. Afadhali kuomba kipande kidogo na kukichemsha saa nyingi, kukikausha, halafu kukichemsha tena. Siku ya kupika maharagi inafaa, moto ni ule ule. Ila kiwe katika kopo lake, si katika sufuria ya chakula. Tabaka zikiachana, ile mbao ibaki ya plafoni.

Kipimo cha kawaida cha ubao ni metre 2.44 kwa 1.22. Unene wa milimetre 6 unatosha. Mbao mbili zinaunganishwa kichwa kwa kichwa, na kwa ndani, juu ya kiungo, kinabandikwa kipande cha upana wa sentimetre 20, kwa kole na visi. Pale kunapatikana urefu wa karibu metre 4.88. Katika upana, sentimetre 60 ni za chini, na 30 mara mbili ni za mbavu. Hakuna kinachopotea isipokuwa unga wa msumeno.

Mbavu ndizo zinaanza. Zinakutanishwa kwenye ncha mbili, juu ya kipande cha mti mgumu kilichochongwa pembe tatu. Katikati inawekwa fremu yenye sentimetre 58 chini na karibu 78 juu, ndipo mbavu zinapinda zenyewe na umbo la mtumbwi linaonekana. Kisha unageuzwa, ubao wa chini unalazwa juu, unachorwa na kukatwa. Mti wa fremu uwe mkavu. Kalitusi mbichi inajipinda na kupasuka ikikauka.

Kwa kufunga kona kuko njia mbili. Moja ni kupitisha ndani ya kona mti mwembamba wa urefu wote, kole pande mbili, na misumari isiyoshika kutu. Ingine ni kutoboa matundu madogo, kushona kwa waya wa shaba, halafu kupaka rezini ya epoksi na utepe wa nyuzi za kioo. Njia hii ilijulikana sana Uingereza toka miaka ya 1960 na mashua ndogo iliyoitwa Mirror. Hata hivyo kushona mashua si jambo geni huku Afrika: mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi zamani sana. Rezini ya poliesta inayotumiwa kwenye karoseri ya magari ni rahisi zaidi, lakini haishiki mti vizuri kama epoksi.

Kingo zote za tripleksi zipakwe kwanza, maana pale ndipo maji yanaingia. Rangi ya mafuta inafuata, mara tatu, ndani na inje.

Sasa uzito. Mtumbwi wa kipimo hiki unaweza kufika kilo 35, na kila kilo 17 au 18 zinauzamisha sentimetre moja. Watu wazima wawili wa kilo 60 wanaushusha karibu sentimetre 9; mbavu zinabaki na kama 19 juu ya maji. Watu watano wanaacha 9 tu, na wimbi moja la magaribi linatosha kuujaza. Ni mtumbwi wa watu wawili, wa karibu na inchi kavu. Kuvuka nao toka Idjwi na mifuko ya soko ni kujitafutia kifo.

Bidoni nne za litre 20, zikiwa tupu na zimefungwa vizuri, zikikazwa kwa kamba mbili kila ncha, zinabeba karibu kilo 75 hata mtumbwi ukijaa maji. Kabla ya safari ya kwanza, ujazwe maji makusudi pale yanapofika kifuani, na watu wawili waushike. Ukizama, bidoni ziongezwe. Jile ni lazima vilevile: mwezi wa 4 mwaka 2019, kisha ajali ya mashua upande wa Kalehe, raisi Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri wa ziwa Kivu aivae.

Ukirudi inje ya maji, mtumbwi ulazwe kifudifudi juu ya miti miwili, kivulini, bila kugusa udongo. Rangi ikikwaruzwa na mawe, ipakwe tena mbao ikiisha kukauka, mbele ya kuurudisha ziwani.