Diskasheni na Malezi ya Mhandisi: Hoja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Anayeuliza uhandisi unajifunzwa wapi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ataoneshwa kumbi za mihadhara, maabara na karakana. Hayo yamekuwepo tangu Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa mwaka 1973. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uelewa hupatikana jioni na usiku, katika vikundi ambavyo wanafunzi huviita diskasheni: watu watano au sita, ubao mmoja, na swali lililomshinda kila mmoja wao alipokuwa peke yake. Kikundi hicho hakimo kwenye ratiba wala hakitolewi alama. Makala haya yanadai kwamba diskasheni inakaribiana na kazi halisi ya mhandisi kuliko mtihani, na kwamba chuo kikiiacha ijiendeshe, kinapoteza faida zake na kuziacha kasoro zake zimee.

Tuanze na kinachopimwa. Kwa kawaida kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Wastani hupimwa kwa pointi tano, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Anayeteleza hupata sapu, yaani mtihani wa marudio. Akiendelea kushindwa anakeri somo, yaani analirudia mwaka unaofuata, na mwisho wa njia hiyo ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kwa anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo, kudisko ni kukosa pia bumu, yaani fedha ya chakula na malazi. Katika hali hiyo, mwanafunzi mwenye akili timamu hutafuta njia ya uhakika zaidi: hukusanya desa, yaani nukuu na majibu ya kunakili, huipitia mitihani ya miaka iliyopita, hukisia swali litakalorudi. Tusimlaumu kwa uvivu. Anaujibu mfumo kwa lugha ya mfumo wenyewe.

Chukua boriti ya zege iliyolazwa juu ya nguzo mbili. Kwenye mtihani, mwanafunzi hupewa urefu na mzigo, akokotoe momenti ya mpindo, kisha atafute kiasi cha nondo kinachohitajika. Hatua hizo hukaririka. Anaweza kuzimaliza bila kosa na asijue kwa nini nondo kuu hulazwa upande wa chini. Kwenye diskasheni, swali hilo huja kutoka kwa yeyote, mara nyingi yule anayedhaniwa kuwa nyuma: mbona kwenye roshani inayochomoza ukutani mafundi wanaziweka juu? Hapo anayeijua kanuni hulazimika kuiweka kando. Itambidi aeleze kwamba boriti ikielemewa, upande mmoja hugandamizwa na mwingine huvutwa. Kwamba uwezo wa zege kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Na kwamba kwa kuwa roshani imeshikwa ncha moja tu, upande unaovutwa ni wa juu. Akibabaika, wenzake humbana. Akifika mwisho, naye atakuwa ameelewa zaidi ya alivyoelewa kabla ya kuulizwa. Na mara nyingi maelezo hayo yote hutolewa kwa Kiswahili, ingawa mhadhara ulikuwa wa Kiingereza na mtihani utakuwa hivyo hivyo.

Utafiti wa kwingineko unaunga mkono hoja hii. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifuatilia wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya China waliosoma kalkulasi. Weusi wengi walijituma sana, lakini kila mmoja peke yake. Wenzao walisoma kivyao kwanza, kisha wakakutana kulinganisha majibu na kukosoana. Treisman alipoanzisha warsha za vikundi zenye maswali magumu kuliko ya darasani, matokeo ya wanafunzi Weusi walioshiriki yalipanda sana. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakaona kwamba uwezekano wa kufeli kwa wanaofundishwa kwa mihadhara mitupu ni mara 1.5 ya ule wa wanaoshirikishwa darasani.

Pingamizi lipo, na lina uzito. Diskasheni hizo hizo ndizo zinazosambaza desa. Wamo wanaobebwa hadi siku ya mtihani. Zikifanyika usiku, huwaacha nje wanaopanga mbali na kutegemea daladala, na wasichana wengi ambao kurudi hosteli saa nne si jambo salama. Lakini nyingi ya kasoro hizi zinatokana na chuo kutotenga chumba, muda wala swali. Berkeley, vikundi vilivyofaulu vilipewa vyote vitatu.

Hatua tatu zinawezekana. Kwanza, baadhi ya saa za semina zigeuzwe kuwa diskasheni za mchana, chini ya wasaidizi wa kufundisha. Pili, kila kikundi kipewe tatizo jipya, na mhadhiri amteue mwanakikundi yeyote kulieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili akipenda. Alama atakayopata iwe ya wote. Anayebebwa atajulikana, na wenzake watakuwa na sababu ya kumfundisha. Tatu, mtihani wa mwisho uwe na swali moja la kueleza sababu, lisilo na hesabu.

Gharama ya hatua hizi ni muda wa wahadhiri, ambao kwa madarasa makubwa ni haba. Lakini mhitimu huyu atatakiwa kufanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kuwa mhandisi mtaalamu. Huko saiti ataulizwa sababu za michoro yake, na atazieleza kwa mafundi wanaozungumza Kiswahili. Mtihani wa sasa haumpimi kwa hayo, ilhali diskasheni inamzoesha kila wiki.