Uwanda au Shamba? Neno 'Field' na Ardhi ya Lwiro

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri wa Kiswahili, neno 'field' lina nafasi ya pekee, kwa sababu halionekani kuwa gumu. Mwanafunzi wa shule ya msingi hulijua na kulifasiri mara moja: shamba. Akisonga mbele atakutana na konde, uwanja, kiwanja na malisho. Akifika chuo kikuu ataongezewa uga, uwanda na nyanja. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloweza kushika nafasi ya mwenziwe bila kuzua kicheko. Mkulima hapandi maharage katika uga wa sumaku, wala mwanajeshi hafi katika nyanja ya vita akiwa nchi kavu. Hata hivyo suala lenyewe linapita mipaka ya msamiati. Kila mojawapo ya maneno hayo hubeba dai fulani kuhusu ardhi inayotajwa: kama imefanyiwa kazi au haijafanyiwa, kama ina mwenyewe au haina. Mahali ambapo madai hayo yamekutana na kugongana kwa uwazi mkubwa ni Lwiro, katika Kivu ya Kusini.

Lwiro iko katika wilaya ya Kabare, kaskazini ya mji wa Bukavu, kati ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Kivu na mlima Kahuzi wenye kimo cha mita 3,308. Msafiri anayetoka Bukavu hupita kwanza kiwanja cha ndege cha Kavumu, kisha hupanda vilima vya migomba, mihogo na maharage mpaka kwenye majengo makubwa ambayo hayafanani na chochote kilicho jirani nayo. Majengo hayo yalikuwa makao ya IRSAC, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947 chini ya uongozi wa Louis van den Berghe. Taasisi ilikuwa na vituo vingine, kama vile Uvira kwa elimu ya maji ya Ziwa Tanganyika, na Astrida (Butare ya leo) kwa elimu ya jamii. Mwaka 1975 jina lilibadilishwa, na tangu mwaka 1982 kituo kinaitwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Chini ya paa hilo moja walifanya kazi wataalamu wa wanyama, wa mimea, wa lishe ya watoto, wa matetemeko ya ardhi na wa mila. Kila mmoja wao alikuwa na 'field' yake, na hakuna hata mmoja aliyelitumia neno hilo, au kisawe chake cha Kifaransa au Kiholanzi, kwa maana ile ile ya jirani yake.

Ili kuelewa mkanganyiko huo yafaa kurudi nyuma kidogo. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilimaanisha nchi ya wazi isiyo na msitu. Ndugu zake, 'veld' la Kiholanzi na 'Feld' la Kijerumani, bado wanaikumbuka maana hiyo. Kwa karne nyingi wanavijiji wa Uingereza walilima vipande vyao ndani ya eneo moja kubwa lisilo na ua, na baada ya mavuno wakalisha mifugo humo kwa pamoja. Kisha zikaja sheria za kuzungushia ua, ambazo zilipitishwa na Bunge kwa maelfu katika karne ya 18 na ya 19. Eneo la wazi likakatwakatwa, likawekewa michongoma na hati, na neno lile lile likabaki kutaja kipande kilichofungwa chenye mwenyewe mmoja. Kwa hiyo neno linaloonekana jepesi namna hii limebeba ndani yake mgogoro mzima wa ardhi ambao wazungumzaji wake wengi wamekwisha kuusahau.

Maana za kitaaluma zilifuata baadaye. Mwaka 1845 Michael Faraday alilitumia neno hilo kueleza eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, na mwaka 1865 James Clerk Maxwell akaijengea dhana hiyo hesabu zake. Kwa upande mwingine, wataalamu wa viumbe walikuwa wakilitumia kutofautisha kazi ya nje, porini na pwani, na kazi ya maabara. Alfred Haddon, ambaye alianza kama mtaalamu wa wanyama kabla ya kuongoza msafara wa mlango-bahari wa Torres mwaka 1898, ndiye aliyesaidia zaidi kulihamishia neno hilo katika elimu ya mila. Ni vema asili hiyo ikumbukwe. Mtafiti wa watu alirithi msamiati wa mtafiti wa vipepeo, na pamoja na msamiati huo alirithi dhana kwamba mahali pa utafiti ni mahali pa wazi, panapomngoja yeye afike.

Wabelgiji wa Lwiro hawakuandika Kiingereza kwa kawaida. Kifaransa chao kiliigawa kazi hiyo kati ya maneno mawili: 'champ' kwa shamba, kwa sumaku na kwa vita; na 'terrain' kwa mahali pa utafiti. Lakini 'terrain' pia ni kiwanja kinachopimwa, kinachouzwa na kuandikiwa hati. Hivyo mtafiti aliyesema anakwenda huko, na mlowezi aliyesema amejipatia hekta kadhaa huko, walitumia neno moja. Ikiwa ni kweli, kama wanavyodai baadhi ya wataalamu, kwamba neno shamba lenyewe lina asili ya 'champ' la Kifaransa kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi, basi neno hilo liliingia Kongo mara mbili: kwanza kwa miguu ya misafara kutoka pwani, likiwa limevaa Uswahili, na mara ya pili likiwa na bendera ya Ubelgiji. Asili hiyo inabishaniwa, na hoja iliyopo hapa haiitegemei.

Kiswahili chenyewe kinasemaje? Shamba ni ardhi iliyotiwa mkono. Katika Unguja neno hilo lilipanuka likawa na maana ya sehemu yote iliyo nje ya mji, kwa sababu ya mikarafuu na minazi. Katika Kongo ya mashariki limebaki karibu na jembe, na hata kipande kidogo cha maharage nyuma ya nyumba ni shamba. Uwanja, kiwanja na uga ni jamii nyingine kabisa: ni mahali palipo wazi, pasipopandwa kitu, ambapo watu hukusanyika, hucheza, hujenga au ndege hutua. Uwanda ni ardhi tambarare iliyotandaa. Wanaistilahi wa Tanzania walipotafuta kisawe cha dhana ya Faraday walichukua uga, na uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwani nguvu ya sumaku haina mwenyewe wala haipaliliwi. Kwa matawi ya elimu wengi husema nyanja, yaani waliacha nchi kavu wakaingia majini, jambo ambalo halina madhara yoyote.

Tatizo liko kwa mahali pa utafiti. Kiswahili cha vyuo vikuu kimezoea kusema utafiti wa uwandani na data za uwandani. Istilahi hiyo imekwisha kukita mizizi, na haielekei kwamba itang'olewa. Lakini inaporudishwa Lwiro inaleta picha isiyo ya kweli. Kwanza, kule hakuna uwanda. Ni vilima vitupu. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, karibu kila hatua anayoiweka mtafiti nje ya ua wa kituo anaiweka katika shamba la mtu. Na shamba la mtu katika Bushi si kipande cha udongo tu.

Kwa desturi ya Washi, haki kuu juu ya ardhi ilikuwa mikononi mwa mwami, ambaye aliigawa kupitia kwa wakubwa waliokuwa chini yake. Aliyetaka mahali pa kukaa na kulima alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, na kwa kalinzi hiyo alipata haki ya kudumu ambayo wanawe wangeirithi. Pamoja na haki hiyo yalikuja mahusiano: utii, huduma na ulinzi. Kalinzi basi haikuwa bei, na aliyeitoa hakuwa mnunuzi. Uhusiano kati ya watu ndio ulioifanya ardhi iwe yake. Chini ya kalinzi kulikuwa na bwasa, ambayo ni haki ya kulima kwa msimu mmoja au miwili kwa malipo ya kazi au mazao. Mwenye bwasa haruhusiwi kupanda migomba wala mti wowote wa kudumu, kwa sababu mgomba ni ushahidi. Anayepanda mgomba anatangaza kwamba yuko pale kukaa. Baadaye ulikuja ununuzi kamili, bugule, ambao uliiondoa ardhi katika mtandao wa mwami. Kwa macho ya mgeni, mashamba matatu yaliyopakana, la kalinzi, la bwasa na la bugule, ni kitu kimoja: udongo uliolimwa.

Sheria ya kikoloni ilitazama kwa macho hayo ya mgeni. Tarehe 1 Julai 1885, katika mwezi ule ule ambao dola huru ya Leopold ilianza kujipanga, ilitangazwa kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Neno 'tupu' ndilo lililofanya kazi yote. Ardhi iliyopumzishwa ili irudishe rutuba, malisho ya ng'ombe, bonde la kukata nyasi na mlima wa kuokotea kuni, vyote vingeweza kuhesabiwa kuwa vitupu siku ambayo mpimaji alipita. Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilipewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi hiyo kwa walowezi, na vilima vya Kabare na Kalehe vikapandwa kahawa, chai na mikwinini. Ni kweli kwamba amri ya tarehe 31 Mei 1934 ilidai uchunguzi wa haki za wenyeji ufanywe kwanza kabla ya kugawa. Lakini uchunguzi ulioanza kwa kuuliza kama ardhi ni tupu ulikuwa umekwisha kuchagua neno lake.

Uhuru haukulibadilisha neno hilo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka katika kifungu cha 53 kwamba udongo wote ni mali ya dola peke yake. Kifungu cha 387 kiliziingiza ardhi za kimila katika milki ya dola, na kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wanaozitumia zingepangwa kwa amri ya rais. Miongo ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katika pengo hilo wenye uwezo, na baadhi ya machifu waliogeuka kuwa wauzaji, waliweza kupata hati juu ya vilima vilivyokuwa na watu wenye kalinzi. Mwenye kalinzi alikuwa na ng'ombe wa baba yake kama ushahidi. Mwenzake alikuwa na karatasi.

Inashangaza kwamba onyo lilikwisha kutolewa, tena na mtu aliyetoka ndani ya IRSAC. Daniel Biebuyck, aliyetafiti miongoni mwa Walega na Wanyanga katika miaka ya 1950, alihariri kitabu kuhusu mifumo ya kilimo cha Kiafrika kilichotoka mwaka 1963, kutokana na semina iliyofanyika Léopoldville mwezi Januari 1960. Humo Paul Bohannan alionyesha kwamba neno la Kiingereza la ardhi linachukulia tangu mwanzo kuwa dunia ni kitu cha kupimwa na kukatwa vipande, kisha watu wagawiwe. Na kwamba kwa watu wengi wa Afrika ramani huanza na watu, na udongo huwafuata. Kitabu kilisomwa na wataalamu wa mila. Haielekei kwamba walioandika sheria ya 1973 walikijali.

Upande wa magharibi wa Lwiro kuna jambo ambalo hata neno shamba haliwezi kulibeba. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kufikia 6,000 hivi. Kwa wanabiolojia huo ulikuwa uwanda wa utafiti wa sokwe wakubwa usio na mfano. Wabatwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa katika miaka ya 1970. Hawakuwa na mashamba ya kuonyesha. Msitu wao haukuwa na jembe, kalinzi wala mgomba, na hivyo katika msamiati wa dola haukuwa na mtu. Ilichukua karibu nusu karne mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, iseme kwamba haki zao zilivunjwa.

Wala asidhani msomaji wa Dar es Salaam kwamba mambo haya ni ya Kongo peke yake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, inapofasili ardhi ya jumla, inajumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inafasili dhana hiyo hiyo bila kuongeza maneno hayo. Ni maneno machache tu, na ni yale yale ya mwaka 1885 katika vazi jipya: ni nani atakayeamua kwamba ardhi iliyopumzika haitumiki?

Athari za suala hili huonekana hata katika jambo dogo kama jaribio la kilimo. Mtaalamu anayetaka kuzuia mmomonyoko katika vilima vya Bushi hushauri mkulima apande miti kingoni mwa shamba lake. Ushauri ni sahihi kwa elimu ya udongo. Lakini mkulima akiwa analima kwa bwasa, kupanda mti ni kuvunja mapatano, na mwenye ardhi anaweza kumwondoa kabla ya mvua nyingine. Katika daftari la mtafiti itaandikwa kwamba mkulima hakuufuata ushauri. Hapo ndipo mtafiti anapopaswa kuuliza, kabla ya kuhesabu miche, shamba hili umelipataje, na kwa nani.