Ndagara, Mukama Mhunzi wa Karagwe

Katika vilima vya Bweranyange, wilayani Karagwe, palipokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Wahinda, hapana ukuta uliosimama wala jiwe lililochongwa. Na msafiri aliyezoea kupima ukubwa wa enzi kwa kimo cha majengo yake, kama watu wapimavyo enzi ya Firauni Khufu kwa piramidi ya Giza, ambayo ilipokamilika yapata miaka 4,600 iliyopita ilikuwa na kimo cha karibu mita 146, aweza kupita hapo akaona migomba na malisho tu, asidhani kwamba amekanyaga uwanja wa milki iliyoenea, kwa mipaka ya leo, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa hadi ukingo wa mto Kagera. Mto huo ndio mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Viktoria, na maji yake, baada ya safari ndefu ya Nili, hupita karibu na piramidi ile ile.

Mji wa Mukama, yaani mfalme, ulijengwa kwa miti, matete na nyasi: nyumba za msonge ndani ya boma, zikiezekwa upya kila zilipochakaa. Huo haukuwa ufukara. Kile ambacho mfalme alitaka kidumu alikikabidhi kwa chuma, na katika wafalme hao hapana aliyetajika kama Ndagara, aliyetawala nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambaye masimulizi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, yamsifu kuwa alifua chuma kwa mkono wake mwenyewe. Katika falme za Maziwa Makuu nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme, kama ngoma. Na katika hazina ya Bweranyange zilihifadhiwa nyundo, mikuki ya fahari isiyokusudiwa vita, na ng'ombe wadogo wa chuma, wenye mwili mwembamba na pembe ndefu zilizopanda juu na kutanuka, pembe zile zile za ng'ombe wa nchi hiyo. Fundi aliyewafanya aliacha mwili uwe mstari tu, akatumia ustadi wake wote katika pembe. Na mwenye kuwatazama kwa makini hawezi kuwa na shaka kwamba fundi huyo aliwajua ng'ombe walio hai tangu utotoni.

Ndagara alipofariki, wanawe waliugombea ufalme. Rumanyika, aliyeshinda kwa msaada wa bunduki na pembe za ndovu za Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora, alimsimulia baadaye msafiri Mwingereza John Hanning Speke kwamba ndugu watatu waliwekewa ngoma ndogo iliyofanyiwa uganga, nyepesi mno kwa macho, na hakuna aliyeweza kuinyanyua ila yeye, kwa kidole kimoja. Alimsimulia pia maziko ya baba yake: maiti ilishonewa ngozi ya ng'ombe, ikaelea ndani ya mtumbwi ziwani siku tatu, kisha ikapandishwa kilimani na kujengewa nyumba, wakatiwa humo wasichana watano na ng'ombe hamsini, mlango ukazibwa, wote wakafa kwa njaa. Mtu asomaye khabari hiyo hukumbuka mara moja makaburi ya Misri, na jinsi mauti ya mtawala yalivyodai uhai wa wanyonge. Nami sioni sababu ya kulifunika jambo hilo kwa kuwa tu twaienzi kazi ya chuma ya marehemu.

Speke aliwasili tarehe 25 Novemba 1861 pamoja na James Grant, akapokewa kwa ukarimu alioukiri waziwazi. Waarabu wenye makazi yao Kafuro, jirani na mji wa mfalme, walikuwa wamekwisha kumjengea Rumanyika baraza ya kuendeshea mambo ya dola, na huko Kafuro walibadilishana nguo na shanga kwa pembe za ndovu. Lakini alipooneshwa ng'ombe wa chuma, Speke aliandika kwamba walifanywa na Waarabu hao wa Kafuro kwa kumfurahisha mfalme! Ndiye huyo huyo aliyemweleza Rumanyika kwamba nasaba yake yatoka Uhabeshi; maadamu aliamini kuwa watawala wenyewe ni wageni, haikumwia vigumu kuamini kuwa na kazi zao ni za wageni. Henry Morton Stanley naye, alipofika mwaka 1876, aliiona hazina hiyo ndani ya nyumba ya mviringo, yenye mabata ya shaba ya manjano yaliyotiwa mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa.

Shaba, naam, yawezekana ilipandishwa na misafara. Chuma ni jambo jingine. Huko Katuruka, upande wa Buhaya, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kabla ya kuwapo mfanyabiashara yeyote wa Kafuro; na wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Bweranyange walikuta mabaki ya uyeyushaji ndani ya eneo la mji wa mfalme. Hili ni lenye uzito, kwani aghalabu kazi ya tanuri ilitengwa mbali na makazi, ikizungushiwa miiko mingi, hususan kuhusu wanawake, kwa kuwa ilifananishwa na uzazi. Na mfalme aliyeileta karibu na mlango wake yaelekea alitaka ijulikane kwamba moto ule na rutuba ya nchi vyatoka mahali pamoja. Wafanyabiashara waliokuja kutafuta pembe za ndovu wasingeweza kumpa Mukama itikadi hiyo, wala wasingekuwa na haja nayo.

Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa nchi, wakaja Wajerumani, na nyumba za nyasi hazikujengwa tena kama zamani. Mwaka 2019 jina la Rumanyika lilipewa hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe, nayo ni heshima imstahiliyo mwenyeji wa Speke. Bali kwa kazi ya chuma, anayepaswa kutajwa kwanza ni baba yake, na pamoja naye wahunzi wa Karagwe waliovuta mivukuto, ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote katika wageni hao.