Saa ya Kuacha Dawa: Kifaru Sudan na Uamuzi wa Laikipia

Kila afugaye mnyama hufikiwa na swali moja gumu: dawa iendelee mpaka lini? Waswahili hunena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Lakini mnyama haulizwi uji wala dawa, kwa kuwa hana ulimi wa kujibu. Jibu lake sharti lisomwe mwilini mwake. Swali hili lilipata uzito wa pekee mwezi wa Machi, 2018, huko Laikipia, Kenya, katika ugonjwa wa kifaru aliyeitwa Sudan.

Sudan alinaswa mwaka 1975, angali mdogo, katika nchi ambayo leo ni Sudan ya Kusini, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Chekoslovakia ya wakati ule. Desemba 2009 alirejeshwa Afrika pamoja na wenzake watatu, Suni, Najin na Fatu, wakawekwa katika hifadhi ya Ol Pejeta kwa matumaini kuwa watazaana. Hawakuzaana. Suni alikufa Oktoba 2014, na dume mwingine, Angalifu, akafa Marekani Desemba mwaka ule ule. Hivyo Sudan akabaki dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, akilindwa na watu wenye silaha usiku na mchana.

Mwishoni mwa 2017 mguu wake wa nyuma wa kulia ulipata kidonda. Alitibiwa, kikapona, akarudia malisho yake. Kisha, mwaka uliofuata, ikagunduliwa kuwa chini ya kidonda kile palikuwa na kingine, chenye kina zaidi. Mifupa na misuli ilikuwa imechakaa kwa uzee, na ngozi ilikuwa na majeraha mengi. Siku ya mwisho hakuweza kusimama.

Hapo palikuwa na kishawishi kikubwa. Kama dume wa mwisho akifa, je, si wajibu kumwongezea hata juma moja? Lakini juma hilo lingekuwa la nani? Kwa mnyama mwenye uzito wa tani mbili na zaidi, kulala tu ni adhabu, maana mwili wenyewe huigandamiza misuli yake. Wala uhai wake haukuwa tena tegemeo la uzazi, kwani mbegu za madume zilikuwa zimehifadhiwa katika baridi kali. Yaliyosalia kurefushwa yalikuwa majonzi ya watu na maumivu ya kifaru.

Matabibu wa Dvůr Králové, wa Ol Pejeta na wa Idara ya Wanyamapori ya Kenya wakakata shauri kwa pamoja. Tarehe 19 Machi, 2018, Sudan alipewa dawa ya kumpumzisha. Alikuwa na miaka 45.

Kipimo hicho hakikuzikwa pamoja naye. Mwaka 2019 wataalamu walianza kutoa mayai ya Najin, bintiye, na ya Fatu, mjukuu wake, ili kutengeneza viinitete. Oktoba 2021 Najin aliachishwa kazi hiyo kwa sababu ya umri wake na dalili za ugonjwa, ingawa Fatu alibaki peke yake. Haja ya kizazi kizima ilikuwa kubwa. Hata hivyo mwili wa mmoja ulisikilizwa kwanza. Mwenye paka anayekata roho hana mzigo wa kizazi mabegani, lakini kipimo chake ni kile kile: si mapenzi yake kwa mnyama yatakayompa jibu, bali hali ya mnyama mwenyewe.