Kori ya Milimani

Ukisoma habari za vita katika vitabu vingi utadhani vita ina watu wawili tu: mkuu wa nchi anayetoa amri, na askari anayefyatua bunduki. Baina yao kuna nini? Kuna ofisi. Kuna meza, simu, karani, mhuri na jalada. Mimi niliyezeekea katika kazi za masijala hupenda kusoma habari za hao wa katikati, na hakuna waliopata kunishughulisha kama Kori ya 22 ya Milimani ya jeshi la Ujerumani, iliyotawala Epirus, kaskazini-magharibi ya Ugiriki, kuanzia mwaka 1943 hadi 1944.

Kori, kwa wale ambao hawakupita jeshini, ni makao makuu yanayosimamia divisheni mbili tatu. Hii iliundwa Agosti 1943, ikaweka ofisi zake katika mji wa Ioannina, ukingoni mwa ziwa, chini ya Jenerali Hubert Lanz. Lanz hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa ofisa wa shule ya zamani, Mkatoliki mwenye kushika dini yake, na Wanazi wenyewe hawakumhesabu kuwa mwenzao wa damu. Nalitaja hili kwa sababu msomaji angependa akute zimwi, na zimwi halipo.

Tarehe 8 Septemba 1943 Italia ilitangaza kusimamisha vita. Katika kisiwa cha Kefalonia kulikuwa na divisheni ya Kiitalia iliyoitwa Acqui, chini ya Jenerali Antonio Gandin, ambayo hadi juzi yake ilikuwa rafiki wa Wajerumani. Waitalia walikataa kusalimisha silaha, wakapigana kwa wiki moja, wakashindwa tarehe 22. Hitler alikuwa amekwisha kuagiza kwamba wa kisiwa kile wasichukuliwe mateka. Waliouawa baada ya kuinua mikono wanahesabiwa kwa maelfu na baadhi ya wanahistoria, na kwa idadi ndogo zaidi na wengine. Ubishi huo haujaisha. Ila hili halina ubishi: tarehe 24 Gandin alipigwa risasi, na maofisa wake zaidi ya mia moja wakafuata, makundi kwa makundi. Mbele ya mahakama ya Nuremberg Lanz alijitetea kwamba aliipinga amri ya kuwaua askari wote, na kwamba maofisa ndiyo hesabu iliyobaki baada ya kupinga kwake. Angalia jinsi ofisi inavyofikiri! Watu waliopigwa risasi wanageuka punguzo lililopatikana katika mazungumzo na wakubwa.

Haukupita mwezi. Usiku wa kuamkia Oktoba 1 wapiganaji wa msituni walimuua Luteni Kanali Josef Salminger, kamanda wa rejimenti moja ya kori hiyo. Lanz alitoa amri ya kulipiza kisasi bila huruma. Tarehe 3 askari walipanda Lyngiades, kijiji kilichoko mlimani, ng'ambo ya ziwa, mkabala na mji. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kuvuna jozi. Waliobaki ni wazee, akina mama na watoto. Waliuawa zaidi ya 80, nyumba zikachomwa. Katika lugha ya jeshi lile, toka mwaka 1942, wapiganaji wa msituni hawakuitwa tena wapiganaji, waliitwa magenge. Na kijiji kikishaandikwa jaladani kuwa makao ya genge, karani hana haja ya kuandika umri wa mtoto.

Taarifa hizo zilipanda juu, hadi makao makuu ya Kundi la Majeshi E karibu na Thessaloniki, ambako kuanzia Oktoba 1943 alikaa kijana mmoja wa idara ya upelelezi, Luteni Kurt Waldheim. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 Salim Ahmed Salim wetu akashindana naye katika uchaguzi ule ambao Marekani ilimzuia Salim, China ikamzuia Waldheim. Habari za utumishi wake katika Balkani zilifichuka mwaka 1986. Kwa hiyo jalada la Ioannina halikuwa mbali nasi kama linavyoonekana kwenye ramani.

Lanz alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 1948. Alitoka mwaka 1951. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia ya divisheni yake ya zamani, akawa mshauri wa chama kimoja cha siasa katika mambo ya ulinzi, akafa mwaka 1982.

Watetezi wake husema zama zile hapakuwa na la kufanya. Nao nawajibu kwa karatasi ya jalada lao wenyewe. Machi 25, 1944 Wayahudi wa Ioannina, zaidi ya 1,700, walikusanywa alfajiri na kupakiwa katika malori, safari ya kwenda Auschwitz, mjini pale pale penye ofisi ya kori. Ikawa zamu ya Corfu. Kamanda wa kisiwa hicho, Kanali Emil Jaeger, aliandika barua kwa makao makuu ya kori mwezi Mei akipinga. Alieleza kwamba Wayahudi hawakuwa tatizo la kisiwa, kwamba meli ya Msalaba Mwekundu ilikuwa bandarini na ingeona, na kwamba jeshi lingepoteza heshima yake mbele ya wenyeji. Hakufungwa wala kupigwa risasi kwa barua hiyo. Ilipokelewa, ikawekwa jaladani. Mwezi Juni Wayahudi wa Corfu wapatao 1,800 walipakiwa majahazini.