Pektinesi: Vimeng'enya Vinavyolainisha na Kukaza

Punje ya kahawa ikishamenywa ganda lake jekundu, hubaki imevikwa ute mzito ambao maji peke yake hayauondoi. Ndiyo maana katika viwanda vya kuoshea kahawa vya Nyeri au Kilimanjaro punje hulazwa kwenye tangi usiku kucha, na mahali penye baridi kali hata zaidi ya siku moja. Mtu wa zamu huingiza mkono, huchota konzi moja na kuisugua kwa viganja. Punje zikiteleza, huzirudisha tangini. Zikikwaruza, ute umekatika na kahawa iko tayari kuoshwa.

Ute huo una pektini kwa wingi, na kinachoukata ni kundi la vimeng'enya viitwavyo pektinesi. Vingi hutolewa na vijidudu vinavyoota humo tangini.

Jina pektini lina umri wa karne mbili. Mwanakemia Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeieleza dutu hii mwaka 1825, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda, kwa sababu ndiyo inayoigandisha jemu. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa kulipa irabu ya mwisho. Kiishio -esi, kama katika amilesi inayovunja wanga, humwambia msomaji kwamba hapa pametajwa kimeng'enya. Kwa hiyo pektinesi ni kimeng'enya kinachoishughulikia pektini, na neno hilo hutumika kwa kundi zima.

Ndani ya mmea, pektini hukaa kwenye ukuta wa seli, na zaidi katika tabaka jembamba linalounganisha seli mbili jirani. Hapo hufanya kazi ya saruji kati ya tofali na tofali. Kikemia ni mnyororo mrefu ambao sehemu yake kubwa imeundwa kwa asidi ya galakturoni, na pingili nyingi za mnyororo huo zimebeba kikundi kidogo cha methili.

Vimeng'enya viwili vya kundi hili vinafaa kutofautishwa vizuri. Poligalakturonesi huukata mnyororo wenyewe. Nyanya inapoiva na kulainika, kimeng'enya hiki huongezeka sana ndani yake. Methilesteresi ya pektini haiukati mnyororo. Huviondoa vikundi vya methili, methanoli kidogo ikatoka, na pingili zilizobaki wazi zikabeba chaji hasi. Yakiwepo madini ya kalsiamu, chembe moja ya kalsiamu hushika mnyororo huu na ule wa pili, na ukuta hukaza. Mwanakemia Edmond Frémy aliliona jambo hili mwaka 1840, alipotumia maji ya karoti kuigandisha pektini.

Hapa ndipo istilahi yetu inapohitaji uangalifu. Kitenzi meng'enya, tunachokijua katika mmeng'enyo wa chakula, kinabeba maana ya kuvunjavunja. Poligalakturonesi inalistahili jina la kimeng'enya kwa maana hiyo hasa, lakini methilesteresi inaweza kuimarisha badala ya kuvunja. Neno kimeng'enya limekwisha kuzoeleka shuleni na hakuna haja ya kuliacha. Kinachotakiwa ni mwandishi kutaja kazi ya kila kimoja: kimeng'enya kinachokata pektini, au kimeng'enya kinachoondoa methili. Kuviita vyote "vimeng'enya vya kulainisha matunda" ni kosa.

Viwandani tofauti hiyo hupangiwa joto. Anayetengeneza rojo nzito ya nyanya ya kopo huzisaga nyanya na kuzipandisha joto haraka hadi kupita nyuzi 90 za Selsiasi, vimeng'enya vyote viwili vife kabla ya kuigusa pektini. Akitaka rangi na ladha ya nyanya mbichi zaidi, hutumia joto la chini na kukubali rojo jepesi. Kwa karoti na maharage mabichi mambo hugeuka: mboga hutangulizwa kwenye maji ya nyuzi 60 hivi, methilesteresi iamke, kalsiamu ishike minyororo, na mboga zisipondeke zinapopikwa.

Kwa juisi ya tofaa iliyo angavu, wenye viwanda wamekuwa wakiongeza pektinesi tangu miaka ya 1930, nyingi zikitokana na kuvu aitwaye Aspergillus niger. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya California iliuza Flavr Savr, nyanya iliyozimwa jeni la poligalakturonesi ili ikawie kulainika. Haikudumu sokoni. Tena, ilikuwa ngumu kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa ukuta wa seli hulegezwa na vimeng'enya vingine pia.

Kazi ya methilesteresi inamhusu kwa karibu mjasiriamali wa juisi ya machungwa, ambaye hutaka kinywaji chake kibaki na ukungu wake. Methilesteresi ya chungwa ikibaki hai, pektini hushikana na kalsiamu na kuzama, na chupa hujitenga: maji ya manjano juu, mashapo chini. Joto linalotosha kuua vijidudu huenda lisitoshe kukiua kimeng'enya hiki, ambacho kwa kawaida huhitaji karibu nyuzi 90 kwa muda mfupi. Kwa hiyo juisi ikijitenga wakati haijachacha, cha kukagua kwanza ni kipimajoto cha mtambo wa kuchemshia.